Ushauri wa Sayansi ya Tabia kwa Vyama vya Ushirika: Tathmini ya Mteja kutoka Mbeya

Chama chetu cha akiba na mikopo kina wanachama wa aina mbili ambao mahitaji yao hayafanani: walimu na watumishi wa halmashauri wanaokatwa mishahara kila mwezi, na wakulima wa mahindi na kahawa, wengi wao kutoka upande wa Mbozi, ambao fedha zao huja kwa msimu. Mwaka huu bodi iliamua kununua huduma ya ushauri wa sayansi ya tabia, yaani matumizi ya utafiti kuhusu namna watu wanavyofikiri, wanavyoamua na wanavyobadili mazoea, ili kuboresha maamuzi ya vikao vyetu na kuisaidia ofisi kuhamia kwenye mfumo mpya wa kompyuta. Nikiwa mjumbe wa kamati ya usimamizi, niliifuatilia huduma hiyo tangu semina ya kwanza hadi ripoti ya mwisho ilipowekwa mezani. Naandika tathmini hii kwa ajili ya viongozi wa vyama vya akiba na mikopo (SACCOS), vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS), shule na hospitali za Nyanda za Juu Kusini ambao nao wameanza kuletewa vipeperushi vya namna hii. Kampuni iliyotuhudumia sitaitaja, kwa kuwa ninachotaka kipimwe ni aina ya huduma yenyewe.

Huduma inauzwa kwa sehemu mbili, na ni vizuri mnunuzi azitenganishe mapema. Sehemu ya kwanza ni semina ya viongozi katika ukumbi wa hoteli mjini, ambayo ada yake hutozwa kwa kila mshiriki pamoja na chai na chakula cha mchana. Sehemu ya pili ni kazi ya ofisini, ambapo washauri huhudhuria vikao, husoma fomu, huwasikiliza makarani na wanachama, kisha hupendekeza taratibu mpya. Kwa maoni yangu sehemu ya pili ina thamani mara nyingi zaidi ya ile ya kwanza, lakini ndiyo inayotangazwa kidogo na ndiyo ambayo vyama vingi huikata bajeti inapobana.

Nianze na semina. Mwezeshaji alikuwa msomi mwenye Kiswahili safi, aliyeweza kueleza kazi ya wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky ya mwaka 1979 bila kuificha nyuma ya hesabu: kwamba maumivu ya kupoteza kiasi fulani cha fedha huwa makubwa kuliko furaha ya kupata kiasi hichohicho, na kwamba kwa sababu hiyo watu hung'ang'ania mpango wa zamani hata pale mpango mpya unapokuwa na faida iliyo wazi. Wajumbe wengi wa bodi walijiona humo. Hata hivyo, mifano mingi ilikuwa ya wateja wa Marekani na Uingereza, na ukumbi ulichangamka kweli pale mama mmoja, kiongozi wa chama cha msingi cha wakulima wa kakao wa Kyela, alipoinuka na kuuliza kuhusu njemke, ile biashara ya kuuza kakao ikiwa bado mbichi kwa wanunuzi wa njiani badala ya kuipeleka kwenye stakabadhi ghalani, mfumo ambao mazao huhifadhiwa ghalani na mkulima hulipwa baada ya kuuzwa. Alisema, "Mwalimu, huyu mkulima wangu hesabu anaijua vizuri. Ada ya mtoto inadaiwa wiki hii, na malipo ya ghalani hayajafika."

Mwezeshaji alijibu kwamba huo ni mfano wa mtu kuthamini zaidi cha leo kuliko cha kesho, kisha akaendelea na mada. Hapo ndipo nilipoona upungufu mkubwa wa kwanza. Mkulima mwenye njia nyingine ya kulipa ada, akaamua kuuza kwa hasara kwa sababu ya haraka tu, ana tatizo la tabia, na mkulima asiye na njia nyingine ana tatizo la fedha. Dawa ya wa kwanza inaweza kuwa kumkumbusha au kumwekea utaratibu, ilhali dawa ya wa pili ni mkopo mdogo wa dhamana ya mazao au malipo yanayofika mapema. Chama kinachochanganya watu hawa wawili kitatumia fedha kuchapisha mabango ya kuwaelimisha watu ambao wanachokosa ni shilingi, na wakati huohuo watu hao wataendelea kuingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa. Swali la yule mama lilistahili saa nzima.

Upungufu wa pili ulikuwa wa kitaalamu, na nausema kwa uzito unaostahili. Katika mada ya uaminifu tulifundishwa kwamba mtu akitia saini juu ya fomu kabla ya kuijaza, badala ya kutia saini chini baada ya kumaliza, husema ukweli zaidi. Dai hilo lilitokana na makala ya mwaka 2012 iliyosomwa sana duniani, lakini makala hiyo ilifutwa rasmi na jarida lililoichapisha mwaka 2021, baada ya kubainika kwamba takwimu za jaribio mojawapo, lililohusu umbali ambao magari yenye bima yametembea, hazikuwa za kweli. Meneja wetu alikuwa tayari ameandika pembeni ya daftari lake kwamba fomu za mikopo zichapishwe upya, na kuchapisha fomu ni gharama. Kampuni inayotoza ada kwa jina la sayansi ina wajibu wa kujua ni kipi katika sayansi hiyo kimesimama na kipi kimeanguka, na mteja ana haki ya kuuliza kuhusu kila dai kubwa: utafiti huu ulirudiwa na watu wengine, na matokeo yalikuwa yaleyale?

Vipeperushi navyo vinaahidi mno. Mwaka 2022 Stefano DellaVigna na Elizabeth Linos walichapisha uchambuzi wa majaribio 126 yaliyofanywa na vitengo viwili vikubwa vya sayansi ya tabia nchini Marekani, yaliyohusisha watu wapatao milioni 23. Waligundua kwamba badiliko dogo la barua, fomu au ujumbe liliongeza utekelezaji kwa wastani wa pointi 1.4 za asilimia, yaani mtu mmoja hadi wawili zaidi katika kila watu mia, ilhali makala za majarida ya kitaaluma zilikuwa zikionyesha wastani wa pointi 8.7. Pointi 1.4 si haba kwa kitu kinachogharimu karatasi na wino, na mimi binafsi ningeilipia. Lakini mteja aliyeahidiwa kwamba marejesho yatabadilika kabisa kwa sababu ya ujumbe wa simu atavunjika moyo, na akivunjika moyo atayatupa hata yale yanayofaa.

Katika semina nzima, kipindi kilichonigusa kuliko vyote kilihusu orodha ya ukaguzi ya chumba cha upasuaji iliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani. Jaribio lake lilichapishwa mwaka 2009 na lilihusisha hospitali nane katika miji minane ya dunia, na mmoja kati ya miji hiyo, pamoja na London, Seattle na Toronto, ni Ifakara, hapo Morogoro. Baada ya timu za upasuaji kuanza kusimama na kusoma kwa sauti mambo machache ya lazima, kama vile jina la mgonjwa, mahali pa kupasua na iwapo dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa, vifo katika hospitali hizo kwa jumla vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi asilimia 7. Madaktari na wauguzi wale tayari walijua kwamba mgonjwa apewe dawa kabla ya kisu. Orodha iliweka wakati maalumu wa kuuliza, na ikampa muuguzi ruhusa ya kuuliza mbele ya daktari bingwa bila kuonekana mkosefu wa adabu. Viongozi wa ushirika tuliokuwa ukumbini tulielewa mara moja, kwa sababu vikao vyetu vina tatizo hilohilo la mdogo kunyamaza mbele ya mkubwa.

Na hapa naingia katika kazi ya ofisini, ambayo ndiyo sababu ya mimi kuipendekeza huduma hii pamoja na kasoro zake. Washauri waliomba kwanza kukaa kwenye kikao cha kamati ya mikopo bila kusema neno. Utaratibu wetu ulikuwa ule unaojulikana kila mahali: katibu anasoma maombi, mwenyekiti anatoa maoni yake, kisha wajumbe wanaulizwa kama kuna mwenye la kuongeza, na kwa kawaida hakuna. Mwenyekiti wetu ni mzee mwenye hekima na anayeheshimiwa, na hakuna aliyenyamaza kwa kumwogopa. Tulinyamaza kwa heshima, jambo ambalo ni jema nyumbani na kanisani, lakini katika kamati ya mikopo linaifanya akili ya watu watano iwe sawa na akili ya mtu mmoja.

Badiliko walilopendekeza ni dogo kiasi kwamba mtu angeweza kulidharau. Kila mjumbe sasa hupewa kipande cha karatasi chenye namba ya ombi na mistari mitatu: kiasi anachoona mwombaji anaweza kurejesha, mashaka yake makubwa, na uamuzi wake. Wote huandika kabla ya mtu yeyote kusema, katibu hukusanya na kusoma karatasi kwa sauti bila kutaja majina, na mwenyekiti huzungumza mwisho. Katika kikao cha kwanza cha utaratibu huu lilikuja ombi la mkopo wa kununua bajaji, la mwanachama ambaye sote tunamfahamu na kumpenda. Karatasi nne zilisema apewe. Ya tano ilisema kwamba wadhamini wake wawili nao ni wadaiwa wa mkopo mmoja wa kikundi, hivyo akikwama mmoja watakwama wote watatu. Kimya kilitanda, kisha mwenyekiti mwenyewe akasema, "Aliyeandika hili ametusaidia sana, tusitafute ni nani." Mwombaji aliombwa kubadilisha mdhamini mmoja, akabadilisha, na mkopo ukatoka. Kwa kumbukumbu zangu za vikao vilivyotangulia, hoja ya namna ile isingesemwa na mjumbe yeyote baada ya mwenyekiti kukubali.

Kazi ya pili ilihusu akiba. Washauri waliutumia mpango ambao Richard Thaler na Shlomo Benartzi waliueleza mwaka 2004, wa kumwomba mfanyakazi akubali leo kwamba mshahara wake utakapopanda siku za mbele, sehemu ya nyongeza iende kwenye akiba moja kwa moja. Katika kampuni ya Marekani walikoanza kuujaribu, waliojiunga walitoka kuweka wastani wa asilimia 3.5 ya mshahara hadi asilimia 13.6 katika miezi 40, kwa sababu hakuna aliyeona mshahara anaopokea ukipungua. Kwa walimu wetu mpango huu ulikaa vizuri, maana nyongeza ya mshahara ni jambo linaloonekana kwenye hati ya malipo. Kwa mkulima ulihitaji kushonwa upya, na nawasifu washauri kwa kukubali kuushona. Badala ya nyongeza ya mshahara, fomu inamuuliza mkulima wa kahawa, wakati msimu haujaanza, ni sehemu gani ya malipo yake angependa itengwe kwa mbolea, na fedha hiyo inatengwa siku malipo yanapoingia kwenye akaunti yake. Utafiti wa Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson uliofanyika magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wakulima waliopewa nafuu ndogo ya kununua mbolea mara tu baada ya mavuno waliitikia kuliko waliopewa nafuu kama hiyo baadaye, wakati wa kuitumia ukiwa umekaribia. Kila anayeishi na wakulima wa huku anaujua ukweli huo. Mahindi yakiuzwa Agosti fedha ipo, na mvua zinapokaribia kuanza, wakati foleni za mbolea zinaanza, fedha imekwisha kwenye bati, arusi na matibabu.

Palitokea mvutano mmoja ambao napenda wasomaji waujue. Katika rasimu ya fomu, kisanduku cha kujiunga na bima ya ziada ya mkopo kilikuwa kimewekwa alama tayari, kwa hiyo mwanachama asiyekigusa angekatwa fedha. Hoja ya washauri ilikuwa kwamba bima ni nzuri kwake na kwamba watu wengi huacha fomu kama walivyoikuta. Kamati ya usimamizi ilikataa, nami nilikuwa miongoni mwa waliokataa kwa sauti kubwa. Kumwekea mtu utaratibu unaomsaidia kutimiza jambo alilolitamka mwenyewe ni huduma. Kumkata fedha kwa kutegemea kwamba hatasoma ni kuutumia uchovu wake, hasa pale ambapo wanachama wengine husomewa fomu na karani, na chama ni mali yao. Tulikubaliana kwamba mkato wowote mpya utamkwe kwa mdomo kwa Kiswahili chepesi, mwanachama ajibu ndiyo au hapana, na kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga. Washauri waliupokea uamuzi huo bila kinyongo, ila ningefurahi zaidi kama wao ndio wangelianzisha jambo hili.

Kuhusu mabadiliko ya mfumo, tulidhani tatizo ni makarani wakaidi. Mafunzo yalikuwa yametolewa, barua za kuhimiza zilikuwa zimeandikwa, na bado daftari la zamani liliendelea kujazwa pembeni ya kompyuta. Washauri walifuata shauri la Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Marekani katikati ya karne iliyopita, kwamba kabla ya kuongeza nguvu ya kusukuma ni heri kutafuta kinachozuia. Mmoja wao alikaa dirishani na karani wa tawi hadi ofisi ilipofungwa. Karani alieleza kwamba mtandao ukikatika katikati ya kupokea fedha, hajui kama muamala umeingia, na jioni pakiwa na upungufu unakatwa kwenye mshahara wake. Daftari lilikuwa kinga yake. Meneja aliandika utaratibu wa ukurasa mmoja unaosema nini kifanyike mtandao ukikatika, nani apigiwe simu, na kwamba tofauti iliyoripotiwa siku hiyohiyo haitakatwa kwa karani hadi uchunguzi ukamilike. Madaftari yalianza kubaki kabatini. Barua za kuhimiza zisingefanya hivyo hata zingeandikwa nyingine nyingi.

Zoezi la mwanasaikolojia wa Marekani Gary Klein la kujifikiria mmeshindwa kabla hamjaanza lilitumika kwa mradi wa ghala. Kila mjumbe aliandika kwamba ghala limejengwa na limeshindwa, kisha akaeleza sababu. Lilichukua muda mfupi na liliibua suala la barabara wakati wa masika. Linafaa, na halihitaji mshauri wa kulipwa.

Eneo lililonisikitisha zaidi ni upimaji. Ripoti ya mwisho ililinganisha akiba za mwaka huu na za mwaka uliopita, ikahitimisha kwamba ongezeko limetokana na fomu mpya. Mwaka huu wakulima walivuna na kuuza vizuri zaidi, kwa hiyo hesabu hiyo haithibitishi kitu. Njia ya haki ilikuwepo na haikuwa ghali: ujumbe wa kukumbusha marejesho ungetumwa kwanza kwa wanachama wenye namba shufwa, wenye namba witiri wakasubiri, kisha makundi mawili yakalinganishwa. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba wateja wengi hawaombi upimaji wa namna hiyo. Wateja tuombe, lakini mtaalamu naye asisubiri kuombwa, kwa sababu kujaribu na kulinganisha ndiko kunakoitenganisha sayansi hii na hotuba za kuhamasisha tulizozizoea.

Kwa bei, semina ni ghali kwa kile inachotoa, na chama kidogo kinaweza kumpeleka mtu mmoja au wawili badala ya bodi nzima. Kazi ya ofisini ina thamani yake, hasa kwa taasisi yenye kamati zinazoamua mambo yanayofanana kila mwezi: mikopo, ajira, manunuzi, upangaji wa zamu. Taasisi ambayo tatizo lake ni ukosefu wa mtaji, au uongozi usiotaka kuhojiwa, isitumie fedha zake hapa kwa sasa.

Sisi tumeomba mkataba wa pili wenye masharti tofauti. Semina imeondolewa. Washauri watafanya kazi katika tawi la Vwawa kuanzia kabla ya msimu wa kahawa hadi malipo yatakapokamilika, sehemu ya ada italipwa baada ya matokeo ya makundi mawili kuwasilishwa, kila dai la kitaalamu litaambatana na maelezo ya kama utafiti wake umerudiwa, na fomu yoyote inayogusa fedha ya mwanachama itapita kwanza kwenye kamati ya usimamizi, kisha itasomwa kwa sauti mbele ya wanachama wachache wa kawaida kabla haijachapishwa. Kampuni imekubali masharti yote isipokuwa lile la ada, ambalo bado tunalijadili.